Kurudisha rangi ya nguo iliyopauka: rangi ya kuchemsha, rangi ya soda au rangi ya batiki?

Suruali nyeusi ya pamba ikishafuliwa mwaka mzima na kuanikwa juani hugeuka taratibu kuwa ya kijivu chenye wekundu kwa mbali, ilhali kitambaa chenyewe bado ni kizima, mishono haijaachia na zipu inafanya kazi. Nguo ya namna hiyo haistahili kutupwa wala kugeuzwa dekio. Inaweza kutiwa rangi upya nyumbani na ikavaliwa tena mbele za watu. Taabu ni kwamba muuzaji wa rangi huuliza swali moja tu, "unataka rangi gani?", wakati swali lenye uzito zaidi ni rangi ya jamii gani, na itatiwa kwenye uzi gani.

Hapa nitaziweka pamoja njia tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitumia nyumbani, nikizipa majina kwa kazi zinavyofanywa: rangi ya kuchemsha, rangi ya soda na rangi ya batiki. Nitasema mapema kwamba kwa nguo ya pamba inayofuliwa kila wiki mimi nachagua rangi ya soda, ingawa ndiyo inayokula maji mengi kuliko zote, na sababu zangu zitaonekana kadiri tunavyoendelea.

Uzi kwanza, rangi baadaye

Pamba, kitani na viskosi zina asili ya mmea, na zote zinakubali njia hizo tatu. Hariri na sufu zina asili ya mnyama; hupenda rangi inayotiwa pamoja na asidi kidogo, ndiyo maana maelekezo yake huagiza siki, na huharibiwa vibaya na kostiki soda. Nailoni, ingawa hutoka kiwandani, ina tabia iliyo karibu na ya sufu. Poliesta na akriliki hukataa karibu kila rangi ya kawaida kwa sababu uzi wake haunywi maji. Huhitaji rangi maalumu na moto mkali, na viwandani poliesta hutiwa rangi ndani ya mitungi ya shinikizo kwa joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho sufuria ya nyumbani haiwezi kukifikia.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Mabaibui mengi yanayouzwa siku hizi ni ya poliesta, na sweta nyingi za shule ni za akriliki, kwa hiyo mzazi anayenunua paketi ya rangi ya buluu kwa ajili ya sweta ya mtoto huenda akaishia na ndoo ya maji ya buluu na sweta ile ile aliyoanza nayo. Sketi au shati la mchanganyiko wa poliesta 65% na pamba 35% litashika rangi, lakini kwa ile sehemu ya pamba peke yake, na litatoka hafifu kuliko picha iliyo kwenye paketi.

Kama lebo imekatwa, kama ilivyo kwa nguo nyingi za mitumba, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibanio cha chuma, uuguse kwa moto wa kiberiti juu ya sahani yenye maji. Pamba huungua upesi kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Uzi wa kushonea nao upimwe, kwa kuwa hata suruali ya pamba tupu mara nyingi imeshonwa kwa uzi wa poliesta. Suruali ya kaki ikitiwa rangi nyeusi, mishono yake itabaki ya kaki, na mwenye nguo anapaswa kuamua mapema kama ataridhika na mistari hiyo.

Tena, si kila nguo inayoonekana imepauka imepoteza rangi. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu, na sabuni ya mche ikikutana na maji magumu huacha utando mweupe unaoziba weusi wa kitambaa. Loweka nguo kwa nusu saa katika ndoo ya maji vuguvugu yenye kikombe cha siki, uisuuze na uianike. Ikirudi kuwa nyeusi umeokoa gharama yote. Ama madoa ya jiki, hayo ni habari nyingine: mahali pale rangi imeondolewa kabisa, hivyo baada ya kutiwa rangi mpya pataendelea kuonekana pamefifia kuliko pande zake, isipokuwa kwa rangi nzito sana kama nyeusi. Na doa la mafuta huzuia rangi isiingie, kwa hiyo lisipotoka kwa sabuni kwanza litabaki kuwa doa.

Rangi ya kuchemsha

Mwaka 1884 mkemia Mjerumani Paul Böttiger alipata rangi nyekundu iliyoweza kuingia kwenye pamba moja kwa moja bila dawa ya kuishikisha, na kutoka hapo ikazaliwa jamii nzima ya rangi rahisi za pamba. Huyeyushwa katika maji ya moto, huongezewa chumvi ili rangi isukumwe itoke majini iende kwenye uzi, kisha hukaa humo bila kufungamana nao kwa nguvu. Paketi zinazoandikwa kuwa zinafaa kwa nguo za kila aina, kama zile za Rit za Marekani, huchanganya rangi ya jamii hii na ile ya sufu na nailoni, ili kila uzi uchukue iliyo yake, na isiyopata uzi wake humwagwa pamoja na maji.

Sifa yake kubwa ni usamehevu. Rangi hii huhama polepole kutoka sehemu iliyokolea kwenda sehemu hafifu maadamu maji yana moto, kwa hiyo mtu asiye na uzoefu hapati mabaka kirahisi. Anaweza kuinua nguo kwa mwiko, akaitazama, akairudisha, na maji yakibaki na rangi anaweza kutia nguo ya pili itakayotoka hafifu kidogo. Nguo hukaa kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa nusu saa hadi saa nzima, ikigeuzwa mara kwa mara, na sufuria hiyo isirudi tena jikoni kupikia chakula.

Udhaifu wake unajulikana kwa kila aliyewahi kuitumia: huchuja. Huchuja kwenye fuo la kwanza, la pili na la tano, na shati jeupe likichanganywa nayo kwenye beseni hutoka na kijivu kisichotoka. Wengi huambiwa waloweke nguo kwenye siki au chumvi ili rangi "ishike". Kwa pamba, ushauri huo haufanyi kazi. Siki husaidia wakati wa kutia rangi sufu, hariri na nailoni. Chumvi husaidia rangi iingie kwenye pamba wakati kazi inaendelea. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachoifunga rangi ya pamba baada ya kazi kwisha. Na kwa anayetumia mkaa au gesi, saa nzima ya moto kwa ajili ya suruali moja ni gharama inayopaswa kuhesabiwa pamoja na bei ya paketi.

Rangi ya soda

Kwa karibu miaka 70 baada ya ugunduzi wa Böttiger, tatizo la kuchuja lilikuwa palepale kwa rangi nyangavu za pamba. Katikati ya miaka ya 1950, Ian Rattee na William Stephen wa kampuni ya ICI ya Uingereza walipata rangi zinazofanya kifungo cha kikemia na uzi wenyewe pale maji yanapowekewa alkali, yaani dawa ya jamii ya soda, na mwaka 1956 zikaanza kuuzwa kwa jina la Procion. Rangi iliyofungamana hivyo imekuwa sehemu ya uzi, haielei tena kati ya nyuzi, na kwa hiyo sabuni haiiondoi. Paketi za Dylon za kutia rangi kwa mkono ni za jamii hii. Alkali imo tayari ndani ya unga, na mtumiaji huongeza chumvi tu. Maelekezo yake kwa paketi ya gramu 50 ni nguo kavu ya gramu 250, maji lita 6 yenye joto la nyuzi 40, na chumvi gramu 250.

Hesabu hiyo ya uzito ndiyo inayowaangusha wengi. Suruali ya jinzi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 600 au zaidi, yaani paketi moja haiwezi kuirudishia weusi wake, na anayejaribu hupata kijivu kilichokolea kisha akailaumu rangi. Pima nguo ikiwa kavu kabla ya kwenda dukani. Mizani ya muuza nyama au ya duka la jirani inatosha.

Anayenunua unga wa rangi peke yake anahitaji alkali ya pembeni, na hapo jina "magadi" huleta mchanganyiko. Magadi ghafi yanayochotwa katika maziwa kama Magadi nchini Kenya na Natron nchini Tanzania yana kabonati na baikabonati pamoja, pamoja na uchafu wa ziwani. Soda inayotakiwa kwa rangi ni kabonati tupu, yaani soda ashi, ambayo kiwanda cha Magadi huipata kwa kuyachoma magadi hayo. Soda ya kuumulia mandazi na keki ni baikabonati, na alkali yake ni dhaifu mno kwa kazi hii. Ukiitumia, rangi itaingia kwenye uzi lakini haitafungwa, na utakuwa umelipa bei ya rangi bora ukapata matokeo ya rangi ya kuchemsha.

Kwa suruali ya pamba ya gramu 500 inayorudishwa kwenye weusi, vipimo ninavyovitumia ni maji lita 10, chumvi gramu 500, soda ashi gramu 100 na unga wa rangi nyeusi gramu 40; rangi nyingine hutosheka na nusu ya unga huo au pungufu. Nguo huoshwa kwanza, ikaachwa mbichi. Rangi na chumvi huyeyushwa, nguo huingizwa na kugeuzwa kwa dakika 20, ndipo soda iliyoyeyushwa pembeni huongezwa kidogo kidogo huku nguo imesogezwa kando ili isimwagikiwe moja kwa moja. Kisha huachwa saa moja, ikigeuzwa kila baada ya dakika chache. Hakuna moto. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mchana yana joto la kutosha. Mbeya, Arusha au Limuru katika mwezi wa saba yapashwe hadi yawe vuguvugu, kwa sababu kwenye maji ya baridi kifungo hakifanyiki vizuri. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini huliwa na soda.

Upungufu wa njia hii ni mambo matatu, na sipendi kuyapunguza. La kwanza, haisamehi: soda ikishaingia, rangi hujifunga pale ilipo, na sehemu ya nguo iliyokunjamana au kuelea itabaki na baka la kudumu. La pili, maji hayo hayawekeki, kwani alkali huiua rangi iliyobaki ndani ya saa chache, hata kama bado yanaonekana meusi. La tatu, na kwa familia nyingi ndilo zito zaidi, ni maji ya kusuuza. Sehemu ya rangi hujifunga na maji badala ya uzi, na hiyo yote lazima iondolewe, kwanza kwa maji ya baridi mara kadhaa, kisha kwa maji ya moto yenye sabuni, hadi maji yatoke meupe. Kwa weusi, mimi hutumia si chini ya ndoo sita. Anayenunua maji kwa dumu na alijue hilo kabla ya kuanza, asije akakatisha kazi katikati, kwa kuwa nguo ya rangi ya soda inayochuja mara nyingi ni nguo ambayo haikusuuzwa vya kutosha.

Jambo jingine la kuangalia ni unga wenyewe. Ukivutwa puani mara kwa mara unaweza kuleta mzio wa mapafu usiotibika kwa kuacha tu kazi, hivyo funga barakoa unapopima, zima feni, na watoto wasiwepo karibu.

Rangi ya batiki

Wanaotengeneza batiki Tanzania wanaijua njia hii vizuri: unga wa rangi, kostiki soda na haidrosulfaiti, pamoja na maji ya moto. Rangi za jamii hii haziyeyuki majini. Kostiki na haidrosulfaiti huzigeuza ziyeyuke, uzi hunywa, kisha nguo ikitolewa hewani rangi hurudia hali yake ya kutoyeyuka ikiwa imenaswa ndani ya uzi. Nili ya jinzi, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza ikiwa imetengenezwa kiwandani mwaka 1897, ni ya ukoo huu. Kwa uimara haina mpinzani kati ya hizi tatu. Nyingi kati yake huvumilia jua, sabuni kali, na hata jiki.

Kwa nini basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu kutengeneza batiki kwenye kitambaa kipya cheupe na kuirudishia rangi nguo iliyokwishashonwa ni kazi mbili tofauti. Haidrosulfaiti ndiyo dawa hiyo hiyo inayotumiwa kuondoa rangi kwenye nguo. Nguo iliyopauka ikiwekwa ndani yake, mabaki ya rangi ya zamani yanaweza kuondolewa kabla ya ile mpya kukolea, kwa hiyo mtu aliyetegemea kuongeza weusi juu ya weusi anajikuta anaanza upya kabisa. Kostiki nayo hula vifungo na zipu za alumini, hudhoofisha poliesta kidogo kidogo, na huangamiza sufu na hariri. Zaidi ya hayo, rangi ndani ya ndoo haifanani na itakayotokea hewani. Maji ya nili huwa ya kijani kibichi chenye umanjano, na nguo hugeuka buluu mbele ya macho baada ya kutolewa. Anayetaka kulinganisha koti na suruali yake hana la kutazama hadi kazi imekwisha.

Hatari zake pia si za kuchukuliwa kwa wepesi. Kostiki huunguza ngozi na hupofusha jicho. Daima kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji mengi ya baridi, kidogo kidogo, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na isigusane na alumini, kwani hutoa gesi inayowaka. Haidrosulfaiti ikipata unyevu kwenye mfuko hupata joto yenyewe na inaweza kuwaka, hivyo hutunzwa kavu na mbali na ndoo za maji. Mwenye uwanja, glavu ndefu, miwani na uzoefu wa batiki atapata matokeo mazuri sana kwenye shuka, mapazia ya pamba na mashati yasiyo na vyuma. Kwa anayekaa chumba kimoja na watoto wadogo, nasema waziwazi kwamba asiilete nyumbani.

Rangi za mimea nazitaja kwa ufupi tu. Chai, hina, maganda ya vitunguu na magome ya mikoko hutoa rangi za hudhurungi na za machungwa zilizotulia, zenye kufaa kitambaa cheupe kilichogeuka manjano kwa uzee. Binzari hung'aa sana siku ya kwanza, na jua huiondoa upesi kuliko nyingine zote. Hakuna hata mmoja kati ya mimea hiyo utakaorudisha buluu ya sare au weusi wa suruali ya kazini.

Ipi kwa nguo ipi

Tofauti kati ya njia hizi inaonekana vyema zaidi ukiitazama nguo kwa kazi yake. Kwa gauni la viskosi linalovaliwa kwenye sherehe mara tatu au nne kwa mwaka na kufuliwa peke yake, rangi ya kuchemsha inatosha, na wepesi wake wa kusambaa sawasawa ni faida kubwa kwenye kitambaa kinachoning'inia na kuonyesha kila baka. Moto tu uwe wa wastani, kwa kuwa viskosi ikiwa mbichi hudhoofika. Kwa suruali, fulana na mashati ya pamba ya kila siku, hasa katika nyumba ambamo nguo zote hulowekwa beseni moja, rangi ya soda hulipa gharama yake ndani ya miezi michache, kwa sababu hutarudia kazi na hutaharibu nguo za wengine. Kwa shuka na mapazia yanayopigwa na jua kila siku, rangi ya batiki ingekuwa bora kwa uimara, ila kwa sharti la fundi aliyezoea. Mitandio ya hariri na sweta za sufu ziende kwenye rangi ya kuchemsha yenye siki, zipashwe moto polepole na zipoe polepole, la sivyo sufu itasinyaa.

Kanga haimo katika orodha hii. Rangi yoyote utakayoitia itafunika weupe wa mji na pindo, na maandishi yake yatazama pamoja na weupe huo. Kanga iliyopauka ni heri ibaki ilivyo.

Katika rangi ya kuchemsha na rangi ya soda, rangi mpya huongezwa juu ya ya zamani, haiifuti. Buluu juu ya wekundu uliopauka itatoa zambarau, na manjano juu ya buluu itatoa kijani. Anayetaka kurudisha rangi ya awali achague ile ile au iliyokolea zaidi. Mabega yaliyoliwa na jua yavutwe kwa vidole kabla ya kununua chochote: uzi ukilia na kukatika, kitambaa kimekwisha na hakuna rangi itakayokitengeneza.

Kama una shaka yoyote, kata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka kwenye akiba ya pindo la ndani, ukipime kwa gramu chache za unga kwenye kikombe cha plastiki, kwa vipimo vile vile vilivyopunguzwa, ukisuuze na ukikaushe kabisa kivulini kabla ya kukihukumu, maana nguo mbichi daima huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka. Kisha kifue kipande hicho mara mbili pamoja na kitambaa cheupe. Weupe ukibaki mweupe, tia nguo nzima.